Kuzamia kwa Mara ya Kwanza: Likizo Ipi, Pwani Ipi

Shule za Tanzania hufunga kwa likizo ndefu mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba, pamoja na siku chache katikati ya mihula. Kenya hufunga Aprili, hufunga tena Agosti, kisha hupumzika tangu mwishoni mwa mhula wa tatu hadi mwaka mpya. Bahari ya Hindi nayo ina mihula yake, na haikushauriana na wizara yoyote ya elimu. Mzazi au mwalimu anayetaka kuwapeleka watoto wakazamie kwa mtungi wa hewa kwa mara ya kwanza kwa kawaida hutafuta hoteli kwanza, halafu bei ya mafunzo, halafu usafiri. Kwa maoni yangu safari hiyo inapangwa kinyumenyume. Cha kutazama kwanza ni upepo, kwa sababu mtoto aliyezamia mara ya kwanza katika maji machafu yenye mawimbi, akatapika botini, akashuka asione hata mkono wa mwalimu wake, hatataka kurudi. Huyohuyo angepelekwa wiki ambayo maji yametulia, pengine angekuwa mzamiaji maisha yake yote.

Tuanze na Aprili, maana ndiyo inayowaponza wengi. Ni katikati ya masika. Mito hushusha udongo baharini, anga hufunga, na hoteli kadhaa za mwambao hufungwa kwa matengenezo. Bei zinazobaki huwa za chini sana, na hapo ndipo mtego ulipo. Kwa safari ya kupumzika na kusoma vitabu barazani, Aprili haina ubaya. Kwa anayejifunza kuzamia, sikuoni ukinishawishi.

Juni na Agosti ni kusi. Upepo huvuma kutoka kusini-mashariki, maji hupoa hadi nyuzi joto 24 au 25 hivi, na pwani yoyote inayotazama mashariki hupokea mawimbi moja kwa moja. Paje, Jambiani na Matemwe zinatazama huko, na pwani ya Kenya karibu yote vilevile. Ndiyo maana vituo vingi vya kuzamia Watamu na Malindi hupunguza kazi au hufunga kabisa kusi inapokaza. Lakini kusi haifungi bahari nzima, inafunga upande mmoja. Unguja ina mgongo na ina kifua: wakati Jambiani kunachafuka, Kendwa na Nungwi upande wa kaskazini-magharibi huweza kuwa na maji yaliyolala, na miamba ya Bawe na Pange mbele ya Mji Mkongwe hukingwa na kisiwa chenyewe. Karibu na mji huo kuna mabaki ya Great Northern, meli ya kutandaza nyaya za telegrafu iliyozama mwaka 1902, na yako kwenye kina cha mita 12 hivi, ambacho hata mwanafunzi wa kwanza anakifikia. Mafia nako Ghuba ya Chole imezungukwa na miamba na visiwa vidogo, hivyo mtu huzamia ndani ya ghuba huku nje kunavuma. Kwa Kenya, likizo ya Agosti ningeipeleka Shimoni, ambako Kisiwa cha Wasini hukinga mkondo kati yake na bara, au ningevuka mpaka kwenda Unguja kaskazini-magharibi. Familia inayong'ang'ania Watamu mwezi wa Agosti kwa sababu tu ina nyumba ya jamaa huko, basi iende ikaogelee tu.

Desemba ndiyo bora, ila si Desemba yote. Baina ya kusi na kaskazi, upepo wa kaskazini-mashariki, kuna maleleji, wakati upepo unapogeuka na bahari inapolala, Oktoba hadi Novemba. Mwanafunzi wa Tanzania bado yuko darasani wakati huo, lakini mabaki ya utulivu ule humfikia anapofunga shule. Maji yameshapata joto, yanaelekea nyuzi 28. Papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, wapo Kilindoni kisiwani Mafia tangu Oktoba hadi Machi hivi, na kumwangalia huyo hakuhitaji mtungi, miwani ya maji na mapezi vinatosha. Kaskazi yenyewe hukaza Januari na Februari, na hapo Nungwi na kisiwa cha Mnemba ndizo zinazopigwa na mawimbi. Kwa hiyo dirisha la familia za Afrika Mashariki ni wiki mbili za kwanza za Desemba, kabla wageni wa Krismasi hawajajaza boti na bei hazijapanda. Shule za Kenya huwa zimefungwa na za Tanzania hufunga karibu na wakati huo, bahari haijachafuka, na walimu wa kuzamia bado wana nafasi ya kukaa na mwanafunzi mmoja mmoja. Jambo moja la kuangalia ni mvua za vuli. Zikinyesha sana bara, Mto Sabaki hushusha udongo na maji ya Malindi hugeuka rangi ya kahawia. Watamu, kilomita chache kusini, huathirika kidogo zaidi.

Kuna kalenda nyingine ambayo wapangaji kutoka bara huisahau, nayo ni ya mwezi. Bamvua likija, maji ya pwani yetu hupanda na kushuka kwa karibu mita nne, na wingi huo wote wa maji lazima upite mahali. Hupita kwenye milango ya miamba, kama Kinasi kule Mafia, kwa kasi inayomchukua mtu mzima aliyezoea. Maji mafu yakiwepo, mlango uleule hupitika. Mvuvi yeyote anajua siku hizo, na mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani anaweza kuzihesabu mwenyewe: bamvua hukaa karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji mafu huja takriban tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24 za mwezi. Anayeanza apangiwe siku zake za baharini wakati wa maji mafu. Kituo kikiulizwa habari za maji mafu na kikaonekana hakielewi swali, hilo nalo ni jibu.

Kwa sababu hiyohiyo Pemba naiondoa kwenye orodha ya safari ya kwanza, ingawa matumbawe yake yanasifiwa kuliko yote ya pwani hii. Miamba yake hushuka wima kwenye Mkondo wa Pemba, kina hakina mwisho machoni, na maji hukimbia. Fungu la Leven, kaskazini ya Unguja, ni vivyo hivyo. Wanaoanza wanahitaji mahali ambapo chini panaonekana na pana mchanga wa kusimamia.

Baada ya wakati na mahali, linakuja swali la nini hasa kinanunuliwa. Vituo vingi vya pwani hii hufuata taratibu za PADI, shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 1966, au za SSI. Kwa taratibu za PADI kuna njia mbili kuu kwa mgeni. Ya kwanza ni jaribio la siku moja: maelezo mafupi, mazoezi kwenye bwawa au maji ya kiunoni, kisha mzamio usiozidi mita 12 ukiwa na mwalimu kando yako. Ya pili ni kozi kamili inayotoa cheti cha kuzamia hadi mita 18 ukiwa na mwenzako, nayo huchukua siku tatu au nne, ikiwa na mizamio minne ya baharini. Umri wa chini kwa zote mbili ni miaka 10. Wenye umri wa miaka 10 na 11 wanabaki kwenye mita 12 hata wakipata cheti, na lazima waandamane na mzazi mwenye cheti au mtaalamu. Kuanzia 12 hadi 14 lazima waandamane na mtu mzima mwenye cheti. Cheti kamili ni kuanzia miaka 15.

Wazazi wengi huona jaribio ni upotevu wa pesa kwa kuwa halitoi cheti cha kudumu. Mimi nasema kwa mtoto wa chini ya miaka 12 ndilo linalofaa. Kozi inataka asome nadharia, ajibu mtihani, aelewe uhusiano wa kina na hewa, akumbuke cha kufanya mwenzake akiishiwa. Wapo watoto wa miaka 10 wanaoweza, na wapo wengi ambao hukubali kila kitu ili baba asikasirike kwa pesa alizotoa. Chini ya maji, mtoto wa namna hiyo ndiye anayetia hofu. Kwa kijana wa sekondari hesabu ni tofauti: kozi kamili ina thamani, na sehemu ya nadharia anaweza kuimaliza nyumbani kwa intaneti kabla ya safari, ili siku za likizo zisiishie darasani. Bei hutajwa kwa dola, na kozi kamili mara nyingi huvuka dola 400. Uliza bei ya mkazi, maana vituo vingi vinayo lakini havibandiki ukutani.

Sasa mwili. Kinachowashangaza wanafunzi ni kwamba tabu ya masikio iko juu, si chini. Kutoka usawa wa bahari hadi mita 10 presha huongezeka maradufu. Kutoka 10 hadi 20 huongezeka kwa nusu tu ya ile ya mita 10. Kwa hiyo mita mbili za mwanzo, pale ambapo mzazi aliye botini bado anaona kichwa cha mwanawe, ndipo sikio linapouma. Mwanafunzi hubana pua na kupuliza taratibu, tena kabla maumivu hayajaanza, na kurudia kila anaposhuka kidogo. Asipofaulu, anapanda mita moja na kujaribu upya. Mwenye mafua hafaulu, kwa sababu njia ya hewa ya sikio imeziba. Juni ni msimu wa mafua mwambaoni na bara, kwa hiyo safari ya Juni iwe na siku ya akiba, na mwenye makamasi abaki juu bila aibu. Dawa za kuzibua pua si suluhisho, kwa sababu huweza kuisha nguvu mtu akiwa chini.

Kanuni iliyo kubwa kuliko zote ni kutobana pumzi. Hewa iliyovutwa kwenye kina cha mita 10 hutanuka mara mbili ikifika juu. Mtoto akiogopa, akafunga mdomo na kukimbilia juu, mapafu yanaweza kuchanika, hata kutoka kina kidogo cha bwawa la kuogelea. Ndiyo maana zoezi la kwanza linaloonekana la kitoto, kutoa kidhibiti hewa mdomoni, kupuliza viputo vidogovidogo, kisha kukirudisha, hurudiwa mpaka linachosha. Mwalimu mzuri halipitishi haraka. Hupiga magoti mbele ya mwanafunzi kwenye maji ya kina cha mtu kukaa, humwonyesha mara ya kwanza pole pole, humwachia afanye, na akikosa viputo humtikisia kidole na kuanza upya. Ukitaka kujua kituo kinafaa, omba ukae kando ya bwawa utazame zoezi hilo tu.

Na ishara za mikono zifundishwe nyumbani, kwenye meza ya chakula. Dole gumba likielekezwa juu, kwa watoto wetu maana yake ni safi, poa. Chini ya maji maana yake ni tupande juu sasa hivi. Anayesema yuko salama huunganisha kidole cha shahada na dole gumba kuwa duara. Mtoto anayefurahi chini ya maji akainua dole gumba mara tatu, mwalimu atampandisha mara tatu, na mzamio umekwisha.

Fomu ya afya isijazwe ufukweni. Inauliza pumu, kifafa, magonjwa ya moyo, upasuaji wa karibuni, masikio, na jibu la ndiyo huweza kutaka barua ya daktari. Familia inayoifungua siku ya kwanza mbele ya boti inayosubiri huwa na kishawishi kikubwa cha kujibu hapana kila mahali. Ombeni fomu mapema, pelekeni kwa daktari mkiwa bado nyumbani, na kabla ya kulipa chochote.

Kuogelea nako hakupatikani wiki ya safari. Kozi inataka mita 200 bila kusimama, kwa mtindo wowote na bila kupimwa muda, au mita 300 ukiwa na miwani ya maji, mrija na mapezi, pamoja na kuelea dakika 10. Inasikitisha kwamba watoto wengi waliozaliwa hatua chache kutoka baharini hawajui kuogelea, wasichana zaidi. Nungwi, Mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi yanayositiri mwili mzima, na kwa kufanya hivyo uliondoa kikwazo ambacho wazazi walikuwa na haki ya kukieleza. Wazazi wajue pia kwamba vazi refu la mpira la kuzamia hufunika tangu shingoni hadi vifundoni, na kofia yake huweza kuombwa. Binti hahitaji kuchagua kati ya stara na matumbawe.

Kuhusu kituo chenyewe, maneno ya kwenye tovuti hayatoshi. Tazama mtungi: begani pake pamegongwa tarehe ya kupimwa kwa presha, na kwa kawaida upimaji huo hufanywa kila miaka mitano. Fungua hewa kidogo, uinuse. Isiwe na harufu yoyote. Ikinuka mafuta au moshi, mashine ya kujazia inavuta hewa mbaya, na hapo hakuna mjadala, ondokeni. Uliza kama boti ina oksijeni ya dharura na nani amefunzwa kuitumia. Uliza chumba cha presha kilicho karibu ni kipi, kinafanya kazi leo, na mgonjwa hufikishwaje huko. Uliza mwalimu mmoja atakuwa na wanafunzi wangapi. Kiwango kinachoruhusiwa ni kikubwa kuliko kile ambacho mimi ningekikubali: kwa watoto nataka wawili kwa mwalimu mmoja, basi. Na omba mwalimu anayefundisha kwa Kiswahili. Wako wengi, vijana wa Nungwi, Mafia na Diani ambao wengine walianza kwa kubeba mitungi botini. Wanaijua bahari hiyo kabla ya kuwa na cheti. Mtoto anayeelezwa hofu yake kwa lugha anayoiotea ndoto hutulia haraka zaidi.

Shule inayopeleka kundi inafaa ikubali tangu mwanzo kwamba si wote watazamia. Katika darasa la watoto 30 watakuwapo wenye pumu, wasiojua kuogelea, ambao wazazi hawakukubali, na ambao hawataki tu. Safari ijengwe juu ya kitu ambacho wote wanaweza, yaani kutazama matumbawe kutoka juu kwa miwani na mrija, na kuzamia kuwe nyongeza ya wachache. Hifadhi ya Chumbe, karibu na mji wa Zanzibar, imekuwa ikipokea watoto wa shule kwa masomo ya aina hiyo kwa miaka mingi. Wageni hawaruhusiwi kuzamia kwa mitungi pale, na matumbawe ya kina kifupi yametunzika. Kisite, Watamu na Malindi zinafaa pia. Hizo mbili za mwisho zimehifadhiwa tangu 1968. Mafia nayo ni hifadhi ya bahari ya kwanza Tanzania, tangu 1995. Watoto waambiwe kabla ya kuingia majini kwamba tumbawe ni mnyama, kwamba joto la mwaka 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani hii, na kwamba lililosalia huvunjwa na teke moja la pezi. Anayeanza hawezi kudhibiti mwili wake vizuri, hivyo mazoezi yake yafanyike juu ya mchanga.

Limebaki jambo ambalo sijaliona likizungumzwa vya kutosha kwa Kiswahili, nalo ni siku ya kurudi nyumbani. Mzamiaji huvuta hewa ya kawaida yenye nitrojeni, na kwenye presha nitrojeni hiyo huingia kwenye damu na misuli. Hutoka pole pole kwa saa nyingi baada ya kupanda. Akipelekwa mahali pa juu kabla haijatoka, huweza kufanya viputo mwilini: viungo huuma, mikono hufa ganzi, na katika hali mbaya mtu hupooza. Ndiyo sababu ya kanuni ya kutopanda ndege kwa saa 12 baada ya mzamio mmoja, na saa 18 baada ya mizamio kadhaa au ya siku kadhaa. Wengi hukamilisha siku nzima, nami nakubaliana nao.

Watu husikia neno ndege na kuishia hapo. Lakini mwili haujui kama umepandishwa na ndege au na reli, na tahadhari huanza karibu na mita 600 kutoka usawa wa bahari. Nairobi iko juu ya mita 1,600. Arusha iko karibu na 1,400, Dodoma 1,100. Familia inayozamia Diani asubuhi na kupanda treni ya Madaraka Express kwenda Nairobi alasiri imepanda mlima bila kujijua. Vivyo hivyo anayevuka kutoka Unguja mchana na kuchukua treni ya jioni kwenda Dodoma. Mkazi wa Dar es Salaam ana bahati: feri ya Unguja haipandi popote, hivyo anaweza kuzamia asubuhi na kulala kwake. Kutoka Mafia, boti ya Nyamisati inafaa kuliko ndege kwa mtu aliyezamia siku hiyo.

Kwa mkazi wa Nairobi au Dodoma, basi, mzamio wa mwisho uishe adhuhuri ya siku ya kabla ya kuondoka. Siku inayofuata itumike ardhini. Aliye Watamu ana magofu ya Gede dakika chache tu, yaliyoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2024, na aliye Unguja ana Mji Mkongwe. Tiketi ikatwe ya alasiri ya siku hiyo, si ya asubuhi.